Shangazi, baba watoto anatupeleka baharini katikati ya baridi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga na kwa sasa ninaishi Leicester, Uingereza, pamoja na mume wangu na watoto wetu watatu: mvulana wa miaka 12, binti wa miaka 8 na kitinda mimba wa miaka 4. Mama mkwe wangu amekuja kututembelea kutoka Korogwe, naye atakuwa nasi hadi mwezi wa pili. Ninakuandikia kwa sababu nyumba yetu imegawanyika kuhusu likizo ya mwisho wa mwaka, na kadiri siku zinavyosogea ndivyo maneno yanavyozidi kuwa makali.

Mume wangu, ambaye aliletwa nchini humu akiwa mtoto mdogo na kusoma hapa, amekodi nyumba karibu na mji wa Wells, katika pwani ya kaskazini ya Norfolk, kuanzia tarehe 27 Desemba hadi tarehe 3 Januari. Alilipa kwanza, kisha ndipo akanieleza, na fedha hizo hazirudishwi. Tena ameandika ratiba ya kila siku, kuanzia asubuhi hadi jioni: siku moja ni kutembea kwa miguu juu ya kokoto hadi Blakeney Point kuwatazama sili, wale wanyama wa baharini, waliozaa, siku nyingine ni kwenda Snettisham kabla hakujapambazuka kuwatazama ndege, siku ya tatu ni kuvuka mchanga maji yakishakupwa ili watoto waone upana wa ufuo, na tarehe 1 Januari anataka yeye na mwanawe mkubwa waingie baharini, kwa kuwa amesikia kwamba Waingereza wengi huukaribisha mwaka mpya kwa namna hiyo.

Shangazi, mimi nimekulia Raskazone, pwani ya Tanga. Kwetu mtu huenda pwani jioni kupunga upepo, watoto wakaoga, wakala mihogo ya kuchoma, wakarudi nyumbani. Sijawahi kusikia kwamba mtu mwenye akili timamu huwafunga watoto makoti mawili mawili ili awapeleke mahali penye baridi kuliko walipotoka. Mwezi wa pili mwaka huu tulijaribu kwenda pwani kwa siku moja tu, na matokeo yake yalikuwa haya: mchanga ulituingia machoni, mdogo alilia mpaka sauti ikamkauka, buibui langu lililowa hadi magotini, tukala chakula chetu ndani ya gari bila mtu kumsemesha mwenzake. Mume wangu bado anasema kwamba tulikata tamaa mapema.

Mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, amesimama upande wangu dhidi ya mwanawe. Anasema watoto watapata nimonia na kwamba yeye hatakubali kuwa shahidi. Mvulana yuko upande wa baba yake kabisa, kwani ameshatazama video za sili hata hasikii la mtu. Binti huniuliza kila siku ni nani aliyeshinda.

Ninaomba unishauri mambo mawili. Je, ni halali yangu kubaki nyumbani na mtoto mdogo pamoja na mama, nikawaacha wengine waende? Na kama ni lazima tuende sote, ni lipi katika ratiba hiyo lisilo na hatari?

Ni mimi,
Mama wa Watatu, Leicester

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na unisalimie mama mkwe wako.

Ushauri wangu ni kwamba mwende nyote, lakini msiende kwa ratiba ya mumeo. Katika mambo manne aliyoyaandika, mawili ningeyafuta leo hii, la tatu ningelibadilisha mahali, na la nne ningelihamishia kwenye chombo. Wala sababu yangu si baridi ya hewani, ambayo ndiyo mnayoigombania. Hatari ya pwani ile ni maji, na hasa maji yanayokuja kutoka nyuma yako wakati wewe umesimama pakavu ukitazama mbele.

Nianze na huko kuvuka mchanga. Ufuo wa Wells ni tambarare mno, na maji yakikupwa huacha eneo kubwa la mchanga ambalo humvuta mtu aendelee kutembea tu. Lakini kati ya ufuo na mafungu ya mchanga ya nje hupita mkondo, na maji yanapoanza kujaa huujaza mkondo huo kwanza, kabla hayajafika kwenye fungu mlilosimama. Familia inaweza kuwa inacheza mpira pakavu kabisa huku njia yao ya kurudi imeshazibwa na maji yenye kina na kasi. Kuna king'ora cha kuwaonya watu kwamba maji yanaingia, na mkikisikia mrudi papo hapo bila kungoja mtoto amalize kuchimba shimo lake. Ila msikifanye kuwa saa yenu, kwa sababu upepo ukiwa mkali sauti hupotea. Nyuma ya ufuo, kwenye vinamasi vya chumvi, hali ni hiyo hiyo: hori ndogo uliyoivuka kwa hatua moja asubuhi haivukiki baada ya saa chache.

Sasa nisikilize vizuri, kwa kuwa hapa ndipo pana ufumbuzi wa ugomvi wenu. Wewe uliyekulia Raskazone unajua bamvua na maji mafu tangu ukiwa mtoto. Unajua kwamba mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ndiyo bamvua, maji hujaa sana na kukupwa sana, kwamba siku za katikati, za maji mafu, hayajai wala hayakupwi sana, na kwamba kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mumeo aliyekulia Leicester, mji ulio mbali na bahari, hakulelewa na elimu hiyo, wala si kosa lake. Basi mwambie kwamba unakubali kwenda kwa sharti moja, kwamba jedwali la maji liwe mkononi mwako, na kwamba neno lako kuhusu saa ya kutoka na saa ya kurudi lisipingwe na mtu. Jedwali la bandari ya Wells linapatikana mtandaoni. Utakachokiona tofauti na kwetu ni ukubwa: siku za bamvua, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa katika ghuba ya The Wash, ambayo imepakana na sehemu hiyo ya pwani, hupita mita 6, wakati Tanga haifiki huko. Utakuta pia kwamba siku za bamvua maji hujaa kule asubuhi na tena jioni, kwa hiyo adhuhuri huwa yamekupwa na ufuo uko wazi. Siku za maji mafu hujaa karibu na adhuhuri. Ukilijua hilo unaweza kuipanga wiki nzima ukiwa mezani kwako: kutembea ufukweni ni kwa siku za bamvua, mkitoka wakati maji bado yanakupwa na kugeuza kabla hayajaanza kurudi, na kupanda boti ni kwa siku za maji mafu, kwa kuwa maboti ya pale hungoja maji yajae.

Jambo moja zaidi kuhusu bahari hiyo. Pwani ya kaskazini ya Norfolk imeukabili moja kwa moja upepo utokao kaskazini, na upepo huo ukivuma kwa nguvu siku za bamvua, maji husukumwa juu kuliko jedwali linavyosema. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu 307 katika pwani ya mashariki ya Uingereza, na tarehe 5 Desemba 2013 maji yalipanda tena na kuingia katika miji ya pwani hiyo, Wells ikiwamo. Sikuambii haya ili nikutishe. Siku hizi tahadhari hutolewa mapema, nawe kazi yako ni kutazama taarifa za mafuriko kila asubuhi pamoja na taarifa za hali ya hewa. Siku ambayo pana tahadhari, hakuna kutoka kwenda ufukweni, hata kama ratiba imepigwa mhuri.

Kuhusu kuoga tarehe 1 Januari, mtoto wa miaka 12 asiingie. Mwishoni mwa Desemba maji ya huko huwa na joto la nyuzi 7 au 8 hivi, na mwili usiozoea ukizama humo ghafla hutweta bila hiari yake, na pumzi moja ikivutwa kichwa kikiwa chini inatosha kumzamisha hata muogeleaji hodari. Walinzi wa ufuo huwapo majira ya joto tu. Mumeo ni mtu mzima na atajiamulia, ingawa ningemshauri asubiri mpaka apate watu waliozoea jambo hilo na wanaoingia kwa makundi. Lakini kila mmoja wenu, mpaka binti, afundishwe kabla ya safari yale ambayo RNLI, shirika la waokoaji wa majini la Uingereza lililoanzishwa mwaka 1824, huwasisitizia watu: ukianguka majini usipambane, lala chali, masikio yakiwa majini, elea mpaka pumzi itulie, ndipo uite msaada. Aliye nchi kavu asijitose kumfuata, bali apige simu 999 na kuomba walinzi wa pwani.

Ratiba ya kutwa nzima nayo haiwezekani, kwa sababu kutwa yenyewe haipo. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza huko baada ya saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Kwa kuwa mnaswali, mnalijua jambo hili kuliko watu wengi: alasiri huingia kabla ya saa 8 mchana, na magharibi huingia kabla ya saa 10. Wekeni tembezi moja tu kwa siku, kati ya saa 4 asubuhi na saa 7 mchana, mkisharejea nyumbani muwe mmerejea. Mdogo wenu anaweza kustahimili saa moja na nusu hivi akiwa anatembea kwa miguu yake. Akibebwa au akikaa kwenye kigari ndipo baridi humwingia, kwani mwenzake anayekimbia hujipasha joto mwenyewe, ilhali yeye ametulia tu. Nadhani hilo ndilo lililomliza mwezi wa pili. Na mtoto anayetetemeka na kulalamika bado ana nguvu. Anayenyamaza ghafla, akawa mzito wa kusema na kutembea, huyo apelekwe ndani mara moja, avuliwe vilivyolowa, afunikwe vizuri na anyweshwe kitu cha moto chenye sukari. Ikiwa hachangamki, pigeni simu 999.

Baada ya kumnyang'anya mumeo nusu ya ratiba, sasa nimtetee. Yapo mambo katika pwani ile ambayo mtu asiyekwenda wakati wa baridi hayaoni kabisa, na la kwanza ni hao sili. Sili wa kijivu huzaa hapo kati ya mwisho wa Oktoba na Januari, na Blakeney Point, inayotunzwa na shirika la hifadhi la National Trust, ina mojawapo ya makundi makubwa zaidi ya Uingereza. Mtoto wa sili huzaliwa na manyoya meupe na uzito wa kilo 14 hivi. Mama yake humnyonyesha kwa muda usiozidi wiki 3, kwa maziwa ambayo karibu nusu yake ni mafuta matupu, mpaka uzito wake unakuwa mara tatu ya ule wa mwanzo, kisha humwacha arudi zake baharini, naye mtoto hubaki ufukweni akiishi kwa mafuta yake mpaka njaa imfundishe kuvua. Mweleze binti yako habari hiyo kabla hamjafika, maana akimwona mtoto wa sili peke yake atadhani ametupwa, na atataka mumsaidie. Asiguswe wala asirudishwe majini. Mama akiona watu karibu anaweza kumkimbia mwanawe, na mwenyewe huuma vibaya.

Kwa sababu hiyo safari ya miguu juu ya kokoto ifutwe. Ni mwendo mrefu unaochosha hata watu wazima, na msimu wa kuzaa mtu hatakiwi kuwaingilia sili mahali pao. Pandeni boti kutoka Morston, kijiji kilicho karibu na Blakeney, mkiwa mmeagiza nafasi mapema, kwa kuwa wiki hiyo watu ni wengi na safari ni chache. Mkiwa botini mtawaona sili kwa karibu bila kuwasumbua, na mama mkwe anaweza kukaa kitako safari nzima, blanketi likiwa magotini. Kijana wako atakasirika kwa kunyimwa matembezi. Mpe kazi ya kuhesabu wenye manyoya meupe, atasahau.

Snettisham nayo, nimewaza sana nikaona haifai kwenu. Ndege wapo kweli, tena kwa maelfu, lakini kutoka maegesho ya magari hadi maficho ya kuwatazamia ni mwendo mrefu gizani, na mtoto wa miaka 4 hana shauku ya jambo hilo. Habari njema ni kwamba bata bukini wenye miguu ya waridi, wanaokuja kutoka Iceland na Greenland kukimbia baridi kubwa zaidi ya kwao, hulala pia katika vinamasi vya Wells na vya Holkham, jirani yake, na kukipambazuka hupaa makundi kwa makundi kuelekea mashambani kula majani ya viazisukari yaliyobaki baada ya mavuno. Kwa kuwa kunapambazuka karibu na saa 2, na nyinyi mmeshaamka kwa ajili ya sala ya alfajiri, jambo ambalo majira ya joto lingewagharimu usingizi wote linapatikana kabla ya kifungua kinywa, mkiwa mmesimama mita chache kutoka mlangoni. Chagueni tu asubuhi isiyofuata usiku wa mbalamwezi, kwa maana mwezi ukiwaka sana ndege hao hulisha usiku na mpangilio wao wa asubuhi huvurugika.

Mama mkwe hajakosea kuwahofia wajukuu zake, na umwambie nimesema hivyo. Ila nimonia huletwa na vijidudu, na vijidudu hivyo mtu huvipata kwa urahisi zaidi akijifungia na wagonjwa chumbani kuliko akiwa kwenye upepo. Kinachotakiwa ni mtoto asikae na nguo mbichi. Nguo za pamba zikilowa hushikilia maji na kumwibia mtoto joto, kwa hiyo ya kugusana na mwili iwe ya sufu au ile ya michezo inayokauka upesi, juu yake sweta, kisha koti na suruali zisizopitisha maji, pamoja na mabuti ya mpira yenye nafasi ya soksi mbili. Wewe nawe, mwanangu, buibui la kupeperuka liache nyumbani kwa siku hizo. Koti refu linalofika chini ya magoti juu ya suruali ya mvua linakusitiri vizuri zaidi, na kofia ya sufu hukaa bila taabu juu ya mtandio. Nguo za akiba zikae ndani ya gari, na chupa ya chai ya tangawizi iwe begani kwa mmoja wenu. Mkitaka samaki na chipsi, ulizeni kwanza vinakaangwa kwa mafuta gani, kwani maduka mengine hutumia mafuta ya ng'ombe. Siku ya kutembea, mama apelekwe Holkham, ambako kuna njia ya mbao inayopita kwenye msitu wa misonobari hadi ukingoni mwa ufuo, na miti hiyo huzuia upepo mwingi.

Umeniuliza kama ni halali yako kubaki. Ni halali yako, lakini nisingekushauri, kwa kuwa ukibaki mwanao wa miaka 12 atakuwa ufukweni na baba asiyejua maji. Lililokuuma zaidi, nahisi, ni kwamba mumeo alilipa kabla ya kukushauri, na hilo ni kosa ambalo likizo yenyewe hailifuti. Mwambie jambo hilo pekee, siku nyingine, watoto wakiwa wamelala, usilichanganye na habari za sili. Na kabla hujaanza kulisema, mpe kwanza ratiba mpya uliyoiandika wewe kwa jedwali la maji, ili aone kwamba humkatalii furaha yake.

Mwisho, pigieni simu wenye boti jioni ya kuamkia safari, kwani upepo ukiwa mkali haliondoki na fedha hurudishwa au siku hubadilishwa, kulingana na mlivyokubaliana nao. Ikitokea hivyo, nendeni Hunstanton, ambako kuna magenge yenye matabaka matatu, hudhurungi chini, jekundu katikati na chokaa nyeupe juu, ila myatazame kwa mbali kidogo, kwa sababu mawe huanguka bila taarifa, na hakikisheni maji yanakupwa. Mji huo umeelekea magharibi, kwa hiyo jua likizama huzama baharini, jambo ambalo mtu wa Tanga halioni kwao. Na mama mkwe anaweza kulitazama akiwa ndani ya gari, kwenye maegesho yaliyo juu ya genge, mashine ya kupasha joto ikiwa imewashwa.